Mkaratusi wa Babu

Kila nikichemsha majani ya mkaratusi kumfukiza mjukuu mwenye mafua, ile harufu kali ikishapenya puani, nakuwa tena mtoto wa kijijini Kitaya, na mama yangu yuko mbele yangu na panga mkononi.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa. Mahame yetu yalibaki kule karibu na mto, na huko ulibaki mkaratusi aliouotesha babu, baba yake mama, kabla hajafariki. Mama hakuwa na kitu kingine cha baba yake. Aliutaka uwanjani kwetu, na akafanya tulivyozoea kufanya sisi wakulima wa muhogo: alikata matawi makubwa, akayakata pingili, akazipanda kwenye matuta. Muhogo wa majirani ukachipua. Pingili zetu zikawa kuni. Mvua zilizofuata akarudia, tukapata kuni nyingine.

"Mama Somoe," jirani yetu Bibi Esha akamtania, "mwakani utualike kisamvu cha mkaratusi."

Mama alicheka naye, wala hakuacha.

Kisha kijiji kikajenga zahanati, na boriti zikapungua. Wazee wakaja kuuomba mti ule. Mama akasema, "Kateni." Ulipokatwa, nililia njia nzima ya kurudi kijijini. Yeye alijitwika boriti ya kwanza, akatembea mbele yetu.

Tuliporudi mahame kuokota korosho, tulikuta kisiki kimezungukwa na machipukizi laini, yenye majani ya duara yasiyofanana kabisa na yale marefu ya mti mzima. Mama alichuchumaa akayapapasa.

"Ule ulikuwa mzee, mkaidi," alisema. "Huu umerudi utotoni. Utasikia."

Aliyakata, akayachomeka kwenye mchanga chini ya mkorosho wetu wa uwanjani na kuyafunika kwa gunia. Kazi yangu ilikuwa kulilowesha gunia lile. Mengi yalioza. Moja likashika mizizi, na Bibi Esha alipoliona alilizunguka, halafu akaomba kipande cha mbegu. Nilitembea kijijini shingo juu wiki nzima.

Majani ninayochemsha leo ni ya mti huo. Lakini fahari yangu kubwa siku hizi si mti. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipong'amua kwamba mama, siku anasema "Kateni", hakujua kuwa kisiki kitachipua. Alijua anaagana na mti wa baba yake, na boriti akaibeba.