Pembe ya Miguuni

Blanketi la kwanza la viraka nililowahi kuwa nalo Stockholm nililifumua. Nililipata kwenye soko la vitu vikuukuu, limechakaa na linanuka kabati, na badala ya kujifunika nikakaa nalo dirishani, nikachukua wembe, nikaanza kukata nyuzi. Nilitaka kujua ndani kuna nini. Ndani kulikuwa na blanketi jingine la viraka, kuukuu zaidi, limetiwa humo ili kuongeza joto. Na ndani ya hilo la pili kulikuwa na vipande vya koti la sufu, kimoja bado kina tundu la kifungo. Nilikaa nikilitazama lile tundu mpaka chai ikapoa. Nani alikuwa akilifunga koti hili? Hakukuwa na wa kumuuliza. Kesho yake nilianza kushona la kwangu.

Shule niliiacha mapema. Maswali yangu mara nyingi hayakuwa ya somo la siku ile, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kunisukuma niendelee. Nikakaa na fundi cherehani mmoja sokoni Moshi, akanifundisha kukata, kupinda na kushika pasi ya mkaa bila kuunguza nguo ya mtu. Baadaye nikaenda Arusha, Nairobi, Kampala, tena Nairobi. Kila mji nikiuzoea niliona umeniishia. Stockholm nilikuja kwa mwaliko wa binamu, nikidhani napita. Nimehamahama humu humu, kutoka Fisksätra hadi Tumba, na sasa Akalla, mwisho wa reli, lakini mji wenyewe bado sijauacha.

Mchana niko kwenye duka dogo la kurekebisha nguo pale Tumba. Majira ya baridi kazi yetu ni zipu za makoti na suruali za kufupisha. Vile vipande vinavyokatwa miguuni hakuna anayevidai, na mwenye duka ameniruhusu nivichukue. Ni vitambaa vizito, vya kijivu na bluu iliyokolea, kama mbingu ya hapa saa tisa alasiri mwezi wa kumi na mbili. Peke yake vinatia huzuni. Lakini ukiweka kati yake kipande cha kitenge cha njano, hata kidogo kama kiganja, vinaonekana kama vilikuwa vinakisubiri.

Vitenge naletewa na akina mama wa usharika wetu. Tunakutana Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa kanisa tunaoazimwa hapo hapo Tumba, Waswidi wakishamaliza ibada yao na kahawa yao. Watanzania ndio wengi, lakini wapo Wakongo, Warundi na Wakenya, na Kiswahili chetu kinakutana katikati, kila mtu akimsahihisha mwenzake na hakuna anayekubali kusahihishwa. Watoto wanatujibu kwa Kiswidi. Mimi wananiita Fundi, hata mchungaji.

Blanketi la namna hii lina tabaka tatu: juu viraka, chini kitambaa kimoja kipana, na katikati sufu. Tabaka hizo zisiposhikwa pamoja sufu inatembea, inajikusanya upande mmoja, na kwingine kunabaki nguo tupu. Wapo wanaoshona mistari blanketi zima. Mimi chumba changu ni kidogo na subira yangu ndogo zaidi, kwa hiyo nilikuwa nafunga mafundo. Sindano yenye uzi mnene inazama mpaka upande wa pili, inarudi, ncha mbili zinafungwa. Unasogea kiganja kimoja, unafunga jingine.

Siku moja nilikuwa nafunga ukumbini, watu wakinywa chai baada ya ibada, mama mmoja Mkongo akaja akaniomba sindano. Akafunga fundo moja, akafumba macho akilishika, midomo inacheza. Alipomaliza akasema, "Voilà. Hili liko na ombi ndani."

Wengine wakataka kujaribu. Blanketi lile tulilipeleka kwa mtoto mchanga wa Warundi, na la baadaye kwa kijana aliyekuwa akingoja jibu la kibali cha kuishi. Mtoto alinenepa, kijana akapata kibali. Basi ikawa desturi, na desturi ikazaa sheria: kila mmoja afunge fundo lake, na blanketi lisitoke mpaka mafundo yametimia na mchungaji ameliombea. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Ilikuja tu, na mimi niliipenda, kwa sababu kwa mara ya kwanza kazi ya mikono yangu haikuwa yangu peke yangu.

Kisha akaugua mwalimu wa kwaya.

Huyu alikuja Sweden akiwa msichana, kujifunza uuguzi. Akaolewa na Mtanzania mwenzake aliyekuwa akisomea mitambo, wakapanga Fisksätra, wakazeekea hapo hapo. Nilipokuwa nimekodi chumba kule, yeye ndiye aliyeniona kituoni nimevaa jaketi la Nairobi kwenye theluji. Hakuniuliza mimi ni nani. Alirudi nyumbani, akaja na koti la mumewe, akanivalisha kama mtoto, akaniambia nikishapata langu nirudishe. Kuanzia siku hiyo nilimwita Dada, na mumewe Shemeji. Nilipomuaga kwamba nahamia Tumba alinicheka, akasema mimi miguuni nina magurudumu, na akamwomba Mungu mbele yangu ayatoboe hata moja.

Ugonjwa ulimwingia na baridi isiyosikia moto. Walimwekea joto la nyumba mpaka wageni wakavua masweta, yeye bado anatetemeka. Mablanketi ya dukani yalikuwa mepesi, alisema ni kama kujifunika hewa. Alitaka kitu chenye uzito. Nikachukua vipande vizito kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikaviunganisha na vitenge vya sare za kwaya ya zamani, nikatia sufu mara mbili. Kushona kulikwenda haraka. Nililipeleka ukumbini lifungwe mafundo.

Kwa sababu lilikuwa la kwake, kila mtu alitaka lake. Waliokuwa wamehamia mbali walituma salamu wahifadhiwe nafasi. Tulifunga Jumapili moja, tukafunga ya pili. Ikabaki pembe moja ya upande wa miguuni, ambayo yule mama Mkongo alikuwa ameiomba kwa ajili ya familia yake, na familia nzima ilikuwa kitandani na mafua.

Dada akanipigia simu.

"Fundi, blanketi langu limefika wapi?"

"Limebaki pembe moja tu, Dada. Ya miguuni."

"Na miguu ndiyo inayoganda. Si mngeanzia huko?"

Nikacheka. Yeye pia alicheka kidogo, kisha nikasikia anavuta pumzi.

"Lilete hivyo hivyo," akasema. "Utakuja kumalizia hapa, mimi nikiwa ndani yake."

Jumapili iliyofuata niliyafikisha maneno hayo. Mzee wa kanisa mmoja, mtu mwema sana, akauliza kwa upole kama tungependa kumpelekea mgonjwa maombi nusu. Sasa naona majibu kumi ya swali lile, ila siku ile sikuona hata moja, na nadhani sikuona kwa sababu nilitaka blanketi litoke limekamilika, mchungaji ameweka mikono juu yake, watu wakiimba. Tukakubaliana: wiki moja tu.

Wiki hiyo theluji ilianguka bila kupumzika. Jumapili treni za Tumba zilisimama, mabasi ya kuziba pengo yakakwama, na ukumbini tulikuwa mchungaji, mimi niliyelala dukani, na wachache wanaoishi karibu. Pembe ile tungeweza kuifunga kabla birika halijachemka. Mmoja wetu alisema hivyo hasa. Lakini pembe ilikuwa ya watu. Tuliikunja vizuri tukaiacha.

Katikati ya wiki binti yao akanipigia. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiswidi. Aliniambia mama amefariki asubuhi, na kwamba hakuwa na maumivu mwishoni. Nilimuuliza kitu ambacho hakikunihusu: kama alikuwa na baridi. Akasema ndiyo, alikuwa na baridi mpaka mwisho.

Hapa mazishi husubiri wiki kadhaa. Muda wote huo blanketi lilikaa mezani kwangu Akalla, pale ninapokatia vitambaa, na sikukata kitu. Nikirudi kutoka kazini nilikuta chumba kimejaa lenyewe. Mikono yangu ililijua uzito wake, na kila nilipolisogeza ili nipate mahali pa kuweka sahani niliona jinsi ambavyo lingemfaa.

Baada ya mazishi nililirudisha ukumbini, na mama Mkongo, aliyekuwa amepona, akaja na sindano yake mwenyewe. Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa mekundu. "Sisi kwetu tunaombeaka wafu," akasema. "Nipe pembe yetu, Fundi." Mchungaji akamweleza taratibu kwamba aliyelala amekwishafika, na kwamba sisi tunachoweza sasa ni kushukuru kwa maisha yake. Mama akasema kushukuru atashukuru, na kufunga atafunga. Hawakugombana. Lakini chai walikunywa meza tofauti, na blanketi lilikuwa katikati ya ukumbi, kwenye kiti, kama mtu aliyekosa wa kukaa naye.

Shemeji alikuwepo. Alisimama na koti lake, akalichukua blanketi, akalitia kwenye mfuko wa plastiki. "Asiliguse mtu," akasema. "Nitalitumia kama lilivyo."

Baada ya hapo niliacha mafundo. Hakuna aliyenikataza. Siku hizi nashona mistari kwa cherehani, usiku nikichoka naacha, na blanketi likishashikana tu nalipeleka, hata kama pindo bado. Akina mama wanasema nimekuwa na haraka. Huwa nafikiri juu ya maombi yale: yalikwenda wapi, yakiwa yamefungwa kwenye kitambaa ambacho hakikumgusa yule aliyeombewa? Nimemuuliza mchungaji, nimemuuliza mama Mkongo, nimemuuliza hata Mwarabu wa duka la jirani. Kila mmoja ana jibu zuri. Sidhani Mungu alikuwa akihesabu mafundo. Tuliokuwa tukihesabu ni sisi.

Majira haya ya baridi Shemeji amenipigia. Sikuwa nimefika kwake muda mrefu. Nilikuwa nikiona treni ya Fisksätra natazama upande mwingine.

"Fundi, ile pembe imenishinda," akasema. "Sufu imekimbia yote."

Nilijua hata kabla sijaliona. Pasipo na fundo sufu haikai. Nilikwenda na sindano, uzi na fungu la sufu mpya, na nilipofika nikakuta blanketi limekunjwa mlangoni, ndani ya mfuko, tayari kwa mimi kuondoka nalo. Alidhani nitalipeleka Akalla, nilitengeneze kwenye meza yangu, nimrudishie. Ndivyo fundi yeyote angefanya. Alinipa mfuko, akageuka kwenda kuchukua chai.

"Hapana, Shemeji," nikamwambia. "Kaa. Jifunike."

"Utashonaje nikiwa ndani?"

"Nitashona."

Alinitazama. Sikuwahi kumwambia maneno ya mkewe kwenye simu, na siku hiyo pia sikumwambia. Alikaa kwenye kochi, nikamfunika kuanzia kifuani, nikakaa chini sakafuni penye miguu yake. Alikuwa amevaa soksi mbili mbili. Nilifumua pindo kidogo, nikaingiza mkono, nikaivuta sufu iliyojikunja kule katikati, nikairudisha polepole mpaka kwenye pembe, nikaongeza ile mpya. Vitambaa vya sare ya kwaya vilikuwa vimepauka kwa kufuliwa. Vipande vya suruali vilikuwa bado vile vile.

Nilikuwa nimekwishatunga uzi binti yao alipoingia kutoka kazini, theluji mabegani. Alisimama bila kuvua koti. Aliuliza kwa Kiswidi kama hayo ndiyo mafundo ya maombi. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama na yeye anaruhusiwa, maana yeye si mtu wa kanisani.

Mkono wangu ulisimama. Majuma yale yote tulikuwa tukiwatunzia nafasi watu waliokuwa mbali, waliokuwa wagonjwa, waliotuma salamu tu. Na huyu alikuwa ameketi pembeni ya kitanda cha mama yake kila siku, na hakuna aliyemfikiria. Ningeleta blanketi na sindano siku ile ile nilipoombwa, pembe ingefungwa hapo hapo, na mtoto wake mwenyewe, na miguu ikiwa ndani.

"Laiti ningejua," nikaanza kusema, kisha nikaacha. Nikampa sindano.

Alipiga magoti karibu yangu, nikamwonyesha: izamishe, irudishe, kaza. Fundo lake la kwanza lilikuwa limelegea. Akalifungua akalikaza tena. Alisema kitu kwa sauti ndogo, kwa Kiswidi, huku amelishika, na mimi ninayeuliza kila kitu sikumuuliza alichosema.

Shemeji alichezesha vidole vya miguu chini ya kitambaa. "Taratibu," akamwambia bintiye. "Hapo chini kuna mtu."