Safari Iliyokuwa ya Mwalimu Nasra

Usiku ule nililala na hasira, na nadhani hiyo hasira ndiyo iliyomfungulia marehemu mlango. Mchana wake Dk. Mlaki, mkuu wa idara yetu ya elimu, alikuwa ameniita ofisini akaniagiza kama mtu anayeagiza chai: "Nitengenezee slaidi, na chini yake uniwekee maneno ya kusoma. Hayo mambo ya watoto wa darasa la pili nyinyi ndio mnayajua."

Utafiti wenyewe ulikuwa wa Mwalimu Nasra. Alinifundisha chuoni, kisha akanichukua niwe msaidizi wake, na miaka yote tuliyozunguka shule za Kondoa aliomba ufadhili wa kwenda kuuwasilisha kwenye mkutano wa kimataifa. Kila mara aliambiwa avute subira. Pasipoti yake haikuwahi kugongwa muhuri hata mmoja. Presha ikamwangusha, tukamzika, na udongo wa kaburi haujakauka ufadhili ukatoka. Masharti yalikuwa kwamba anayesafiri ni mwandishi wa kwanza. Dk. Mlaki akafuta jina la Nasra, akaweka lake, akasema marehemu hapandi ndege. Mimi akaniahidi zamu ya mwakani. Nikanyamaza, maana na mimi hiyo zamu naitaka.

Basi usingizini nikamwona. Niko Kondoa, kwenye darasa lile ambalo bati lake hulia upepo ukivuma. Mwalimu Nasra ameketi kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kifuani. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuitikia. Mkubwa akikunyima marahaba, hana tusi jingine la kuongeza. Nikarudia, kwa sauti ya chini zaidi, naye akageuzia uso ukutani.

Na ule ukuta haupo tena. Kuna ukumbi mkubwa wenye baridi, watu wamevaa beji shingoni, na katikati yao wameketi watoto wetu wa darasa la pili, sare zimepauka, miguu haifiki sakafuni. Sishangai kuwaona. Dk. Mlaki amesimama mbele na suti mpya, anasoma maneno yangu. Anasoma vizuri mno. Anapumzika nilipoweka nukta, anatabasamu pale nilipomwandikia atabasamu. Wenye beji wanatikisa vichwa kukubali. Nami, ole wangu, nafurahi kidogo kwamba kazi imekaa sawa.

Nasra anainuka. Najua anachokwenda kufanya, kwa sababu alikifanya katika kila darasa tuliloingia. Kule Kondoa walimu walikuwa wakituitia mtoto bingwa, naye anasoma ukurasa mzima bila kukosea, darasa linampigia makofi. Nasra humwacha amalize. Kisha huweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa na kumwambia, soma hili tu. Mtoto hunyamaza. Ameukariri ukurasa wote kwa kuusikia, herufi hazijui. Huo ndio uliokuwa utafiti wetu. Sikuwahi kumwona Nasra akimkasirikia mtoto. Hasira yake aliiweka kwa aliyemkaririsha.

Sasa yuko jukwaani. Anaweka kidole kwenye neno moja la slaidi.

"Soma hili tu."

Dk. Mlaki anafungua mdomo. Anarudi mwanzo, anaikimbiza sentensi ili alifikie lile neno, analipita. Anarudi tena. Jasho linamtoka kwenye ule ubaridi wote. Watoto wanamtazama kwa huruma, maana hali ile wanaijua.

Nasra hamkaripii. Anashuka, anapita katikati ya viti, anakuja moja kwa moja kwangu, na macho yake sijawahi kuyaona yakiwa makali namna ile.

"Nani kamkaririsha?"

Nataka kusema niliagizwa. Nataka kusema mwakani ni zamu yangu. Mdomo umenijaa vumbi la chaki.

"Mwalimu," nasema mwishowe, "angalau kazi yako itasikika."

"Hata kasuku anasikika."

Nalia, naye hanibembelezi. Nilitegemea atanigusa bega kama zamani, lakini mikono yake iko nyuma, kama mtu asiyetaka kuchafuka. Anainama mpaka sikioni pangu. Safari hii sauti yake ni ndogo kabisa.

"Kazi nilikuachia wewe. Mdomo wangu usimwazime."

Niliamka majogoo wakiwika, mto umelowa. Niliwasha kompyuta hata kabla ya kunawa uso. Slaidi nilizozimaliza jioni kabla ya kulala zilikuwepo, na chini ya kila moja maneno yangu mazuri, hata lile la kumwambia atabasamu. Nikayafuta yote. Kwenye slaidi ya kwanza nikalirudisha jina la Nasra juu, langu likafuata, la Mlaki nikalitoa. Nilijua zamu ya mwakani nimeifuta pamoja nayo, na iliniuma, sitadanganya. Nikamwamkia tena mwalimu wangu, kwa sauti, peke yangu chumbani. Palikuwa kimya.

Nilikuwa nakunywa chai Dk. Mlaki alipopiga simu.

"Slaidi tayari? Asubuhi hii nafanya mazoezi mbele ya idara nzima."

"Tayari, Daktari."

"Na maneno yangu ya kusoma?"

"Hayapo. Ila nitakaa mstari wa mbele, nami nitakuonyesha neno moja tu. Ulisome."