Mbwa Aliyenenepa Wakati wa Njaa

Juzi daktari wa mifugo alimpima mbwa wangu, akaniambia nimpunguzie chakula. Nilicheka kidogo, maana nilimkumbuka nyanya yangu kule kijijini Tulia, miaka ya sabini, akimpimia Bosi chakula kwa kipande cha kibuyu.

Bosi alikuwa mbwa wetu wa kufukuza tumbili shambani. Mwaka ule mvua haikutosha. Sisi sote tulikonda, lakini yeye alinenepa mpaka tumbili wakawa wanavunja yale mahindi machache huku amelala akiwatazama. Nyanya akampunguzia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kisha akawa anamwachia makoko ya sufuria tu. Wapi! Mbavu zake hazikuonekana.

“Mbwa hanenepi kwa upepo,” nyanya akasema. “Mfuate uone anakula wapi.”

Nilimfuata mchana, nikiwa na hamu kama mtu anayefuata nyuki apate mzinga. Alipenya kwenye ua wa minyaa, akaingia kwa mzee jirani, ambaye alikuwa amemzika mkewe miezi michache tu nyuma. Nikajibanza. Mke wa mwanawe alileta chakula, akakiweka mlangoni na kuondoka, kwa kuwa kwetu mkaza mwana hakai akimtazama baba mkwe akila. Mzee alionja kijiko kimoja, akamsukumia Bosi bakuli lote.

Aliponiona hakukasirika.

“Hakishuki, mjukuu wangu,” akasema. “Na nikikirudisha, yule msichana atadhani nakataa mkono wake.”

Ndipo nilipoona jinsi koti lilivyompwaya.

Nilimweleza nyanya nikidhani atacheka. Hakucheka. Kesho yake alimfunga Bosi kamba, akabeba chakula chake mwenyewe, akaenda kuketi mlangoni kwa mzee.

“Nimechoka kula na watoto,” akamwambia. “Leo tule wazee.”

Mzee akala vijiko vitatu. Nyanya akarudi siku iliyofuata, na nyingine, hadi mvua ikanyesha. Kufikia wakati huo mzee alikuwa akimaliza bakuli na kulalamika kuhusu chumvi, naye Bosi amekonda, anakimbizana na tumbili kama zamani.

Nyanya na yule mzee wote wameshaondoka duniani. Ule ua uling’olewa, pakajengwa ukuta wa mawe. Hapa mjini ninapoishi, kila nikimsikia jirani akifunga geti lake jioni, hujiuliza kama amekula.