Kwenda Kumtazama Zaina, Kambi ya Malale, Rumonge

Niliondoka Usumbura kwa sababu ya maneno yaliyopingana. Wengine walisema kambi ya wagonjwa wa malale, ile waliyoiweka Wadachi huko Rumonge, inaponya. Wengine walisema mtu huingia akiona na hutoka akishikwa mkono. Baada ya sala ya Ijumaa wazee wetu wakaamua mmoja aende akaulize wagonjwa wanaishije, nani anawalisha, nani anawaosha, ili Waislamu wa mji wajue la kufanya. Wakanichagua mimi, fundi wa kushona, kwa kuwa dada yangu Zaina, aliyeolewa Magara, alikuwa amechukuliwa kambini tangu mwanzo wa mvua. Wazee walinituma kuuliza. Mimi nilikwenda kumrudisha.

Asubuhi nilishika njia ya ufukoni, ziwa likiwa kulia kwangu. Miguu ya fundi wa kushona haipatani na mawe. Nililalamika peke yangu hadi nikachoka kujisikiliza.

Muhuta nilifika jua likishuka, nikapiga hodi kwa mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo. Watu wa nchi hii hawasalimiani kwa mbali. Hukumbatiana, mikono ikashuka taratibu toka mabegani hadi viganjani, huku wakiulizana habari za nyumba nzima. Nikafungua mikono. Yule mama akarudi nyuma, akaweka ungo kati yetu.

"Amahoro," akasema. "Salimia uko huko huko."

Nikamuuliza nimemkosea nini.

"Watu ya daktari wanasalimiaka vile vile. Anakukumbatia, amahoro, amahoro, na vidole viko kwa shingo, vinatafuta uvimbe. Akiupata, unaenda Rumonge. Sasa huku salamu ni ya mudomo tu."

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alinipa mihogo na ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa letu, akaapa kwamba kwake hakuna mgonjwa wala hajapata kuwapo. Lakini kwenye mlango wa kihenge chake cha nafaka palikuwa na bakuli la uji linalotoa mvuke, na nafaka hailishwi uji. Nikala nikitazama upande mwingine.

Magara nilitegemea kunusa samaki kabla ya kuwaona wavuvi, nikakuta ufuko mtupu. Vichaka vilikuwa vimefyekwa hadi majini ili mbung'o wanaoeneza malale wakose kivuli, mitumbwi imezuiwa, na watu wamehamishiwa milimani. Nyumbani kwa Zaina yalibaki mafiga tu. Mumewe nilimpata huko juu, mvuvi ameshika jembe, analima mawe.

"Kambini wanasema ndugu ndio walishe wagonjwa wao," akaniambia bila kuniangalia. "Nilikuwa namupelekea ndagala. Sasa ziwa wamelifunga, na huku juu muhogo haijakomaa. Niende na mikono mitupu, shemeji, nimuambie nini?"

Nilikuwa nimekuja na hasira yangu tayari kwa ajili yake. Nikakosa pa kuiweka.

Rumonge, kambi ni vibanda vya nyasi ndani ya uzio wa miti. Daktari mwenyewe alikuwa safarini. Msaidizi wake, mtu wa pwani, alinipokea kwa adabu na kujibu kila nililouliza. Unga wa serikali upo, ila hautoshi. Asiye na ndugu hulishwa na wagonjwa wenzake, nao wakizidiwa, hakuna. Zamani, alisema, wote walilala wakafa. Tangu sindano ije, wako wanaoamka.

"Na macho?" nikauliza.

"Dawa ni kali. Wengine inawachukua macho. Tukiacha kuwachoma, wanalala. Wewe ungefanyaje?"

Nikamwomba anionyeshe kibanda cha dada yangu.

Zaina alikuwa ameketi kando ya kibanda, akichambua maharage kwa vidole. Usingizi ulikuwa umemwachia kweli. Nilipomwita aligeuza uso, ukaelekea pembeni kidogo ya mahali nilipo. Nikapiga magoti mbele yake, nikalia bila haya. Nikamwambia nimekuja, twende nyumbani.

Akanikumbatia. Kisha vidole vyake vikapanda shingoni mwangu, vikapita nyuma ya masikio, vikapapasa upande huu na upande ule.

"Uko muzima," akasema. "Rudi kwako, kaka. Nikitoka hapa watanifuata mpaka kwako, na watashika shingo ya kila mutu mule ndani. Uko na watoto."

Nikasema nitawaficha wote.

"Mu kihenge?" akauliza, akaendelea na maharage yake.

Nilimwachia unga niliobeba na shuka langu. Nilipofika mlangoni pa uzio alinipungia mkono, kuelekea nisipokuwapo.

Safari ya kurudi sina la kusimulia. Muhuta nilipita bila kupiga hodi kwa mtu.

Usumbura wazee wakaniuliza nimejifunza nini. Nikawaambia tupeleke unga, na pamoja na unga tupeleke watu wa kuwashika wenzetu mkono hadi chooni na kisimani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi isiyo na mwenyewe kule. Mmoja akauliza kama ni kweli kambi inaponya. Nikasema inaponya usingizi.

Nyumbani mke wangu alinilaki mlangoni, akanikumbatia, akaniuliza habari za njia, habari za Zaina. Kabla sijamjibu alijitoa mikononi mwangu, akarudi nyuma akinitazama kama mtu asiyenijua. Ndipo nilipojua vidole vyangu vilikuwa wapi.