Kiti Kingali na Joto

Juzi nilipita ukumbi mmoja pale Barani, nikawakuta kina mama wa kikundi kimoja wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Makamu wa mwenyekiti wao ndiye aliyeigiza mke wa sultani, yule muovu anayekitamani kiti cha mumewe. Aliachwa peke yake jukwaani, akaanza:

“Ewe giza, nipake masizi nisijulikane! Enyi popo, zimeni taa! Nakitaka kiti kile kingali na joto la mwenyewe!”

Macho kayakaza kwa mwenyekiti wao, mama mtu mzima aliyekaa safu ya mbele. Uchaguzi wa kikundi ni wiki ijayo.

“Dada, hilo la joto sikuliandika mimi,” mwalimu wao akasema.

“Limenijia tu, mwalimu.”

Mwenyekiti akapiga makofi. “Mashallah, mwanangu, umeigiza!” Kisha akapapasa pindo la leso alimofunga muhuri wa kikundi, akakaza fundo.

Makamu huyu huapa kila mkutano kwamba hataki cheo, ataka kuwatumikia wenziwe tu. Haya. Lakini mwenye kutaka kutumikia huomba taa. Huyu kaita popo.

Adhana ilipolia, mwenyekiti aliondoka kwenda kutawadha. Kiti chake cha plastiki alikwenda nacho.