Indiketa ya Kushoto

Polepole hakupewa jina hilo na mama yake. Alibandikwa na madereva wenzake, waliomcheka kwa sababu lori lake la tela halikuwahi kuwa na haraka, wakasahau kwamba kwa sababu hiyohiyo halikuwahi kulala mtaroni. Upara umemkuta kwenye usukani, mgongo umeshajikunja kufuata kiti, na mguu wa klachi humuuma kila mawingu yakitanda. Kwa kazi hiyo moja kajenga, kalea, kaozesha. Halafu asubuhi moja likaja tangazo: dereva wa gari kubwa hapati leseni mpya mpaka afanye mtihani wa maarifa, kwenye kompyuta, awe mzee awe kijana.

Maarifa! Mtu kaendesha miaka nenda miaka rudi, leo aketishwe kwenye benchi aulizwe kama anajua. Lakini ndiyo hivyo, mja hana hiari. Akavaa shati la kwenda harusini, akaenda.

Mara ya kwanza alishindwa na kompyuta yenyewe. Kile kipanya alikikaba kama kipini cha gia, nacho kikawa kinarukaruka kila pembe isipokuwa ile anayoitaka, na muda ukaisha maswali mengi hayajaguswa. Hilo halikumuuma sana. Alirudi akasema mashine imemshinda, mkewe akamwambia ng'ombe hazeeki maini, nenda tena.

Mara ya pili ndiyo iliyomchoma. Safari hii kipanya kilitii, breki za upepo alizijibu zote, na mizigo na ukaguzi wa gari kabla ya safari pia. Ila mtihani ule una fungu moja la usalama ambalo ukikosa swali hata moja umeanguka, hata kama mengine yote umepata. Swali lenyewe lilikuwa hili: unafuata lori, lori hilo likawasha indiketa ya kushoto, linakuambia nini? Polepole hata hakuwaza. Akachagua kwamba linakuambia njia nyeupe, pita.

Sasa jamani, atajibu nini kingine? Muulize dereva yeyote wa lori. Wewe uko nyuma, unaona mgongo wa tela na vumbi tu. Aliye mbele anaona barabara yote. Akikuwashia kulia, tulia, kuna gari linakuja. Akikuwashia kushoto, njia nyeupe, kanyaga mafuta upite. Hakuna aliyefundishwa darasani. Polepole na rafiki yake Sharubu, wote madereva wa tajiri mmoja, walikuwa wakisafiri mmoja mbele mmoja nyuma tangu masharubu ya huyo Sharubu yakiwa meusi, na taa hiyo ndiyo iliyokuwa mazungumzo yao. Kuna nyakati waligombana wakakaa wiki bila salamu, lakini wakifika mlimani Sharubu huwasha kushoto vilevile. Kununa ni kununa, na barabara ni barabara.

Ofisa wa mtihani hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha swali alilokosa, akamsikiliza mpaka mwisho, akajisugua macho maana na yeye alikuwa amechoka.

"Mzee wangu, hayo nayajua, baba yangu alikuwa dereva," alisema. "Lakini aliyejifunza gari jana hayajui. Wewe ukimwashia kushoto anadhani unakata kona, na mwingine akikuwashia kwa sababu kweli anakata kushoto, wewe unadhani unapitishwa. Ndiyo maana tunataka taa iwe na maana moja tu."

Polepole aliona kwamba ni kweli. Na jambo likiwa kweli halafu linakuumiza, linachosha maradufu.

Ikabaki nafasi moja. Ukianguka ya tatu unangoja mwaka mzima, na tajiri alikwisha kumwita akamwambia kwa upole kwamba lori haliwezi kulala mwaka likimngoja. Akamwambia pia asihofu, kiti cha getini kipo. Polepole alikijua kiti hicho. Aliyekikalia kabla alikuwa dereva vilevile, na madereva wachanga walikuwa wakimpigia honi afungue haraka. Heri tajiri angefoka, mtu angejua wapi pa kukasirikia.

Basi mafunzo yakahamia nyumbani. Binti yake wa mwisho ana saluni chumba cha mbele, na hana muda wa kukaa chini, kwa hiyo baba mtu aliwekwa kwenye kigoda kando ya kioo, akawa anaulizwa maswali huku wateja wanasukwa. Binti hana huruma hata chembe. Mzee akikosa anarudishwa mwanzo. Siku zikapita, ikawa si mzee tu anayesoma. Ukiuliza presha ya upepo ikishuka dereva afanye nini, mteja aliyetumbukiza kichwa kwenye sinki anajibu kabla ya mwenyewe: asimame mahali salama, asiendelee na safari. Mkewe naye akawa anadakia kutoka jikoni kwamba mteremko mrefu unauanza na gia nzito, usingoje breki zichemke. Mtaa mzima ungeweza kupewa leseni, isipokuwa mwenye kuihitaji.

Swali la indiketa ndilo lililomtesa. Alilijua jibu la kitabu. Ulimi ndio uliokuwa ukikataa. Binti anauliza, mzee anasema "pita," binti anashusha chanuo anamwangalia tu kwenye kioo.

"Baba, unakaidi au umesahau?"

"Sikaidi, mama. Mazoea yana taabu."

Siku ya siku swali likaja tena, neno kwa neno. Polepole akalitazama hadi herufi zikaanza kuogelea. Akakiona kiti cha getini. Akaiona na milima yote aliyopandishwa na taa ile. Kisha akachagua: linakata kushoto. Moyo ukamwambia umemsaliti mtu, ila hakujua nani.

Akafaulu. Alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Mkewe akaja kumvua, akamuuliza mbona amefaulu na uso umeanguka hivyo. Akasema amechoka, mama watoto, amechoka tu. Akalala na shati la harusini mpaka jua likazama.

Wiki hiyohiyo akarudi kazini, leseni mpya kifuani. Sharubu alitangulia na mzigo wa saruji, yeye akafuata na tela tupu. Walipofika kwenye mlima mrefu Sharubu akaanza kutambaa, kama kawaida, na kama kawaida akawasha kushoto.

Mguu wa Polepole ulikwisha kukanyaga mafuta. Akautoa. Mbele aliona mgongo wa tela na vumbi, basi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitambua kwamba haoni kitu. Alikuwa amepita huku haoni kitu miaka yote hiyo, na hajawahi kuogopa. Sasa akaogopa. Akabaki nyuma. Taa ikamkonyeza, ikamkonyeza, ikazima. Baada ya kona ikawaka tena, ikangoja sana, ikazima. Haikuwaka tena. Wakaupanda mlima wote hivyo, pua kwa mkia.

Kwenye kituo cha kupumzikia Sharubu aliteremka bila salamu, akanawa uso bombani, akakaa mwisho wa benchi na chai yake. Polepole akamfuata, akakaa.

"Umeninunia?" Sharubu akauliza hatimaye.

"Sijanuna. Nimefaulu mtihani."

Akamsimulia lile swali na jibu lake, na maneno ya ofisa. Sharubu alisikiliza huku anazungusha kikombe. Zamu yake ya mtihani ilikuwa wiki inayofuata, na shule aliiacha mapema kuliko Polepole. Mvi za masharubu yake zilikuwa zimelowa maji ya bombani.

"Kwa hiyo muda wote huu," alisema, "mimi nilikuwa nakwambia nini?"

Polepole aliweka kikombe chini.

"Ulikuwa unaniambia nipite, ndugu yangu. Na mimi nilikuwa nakuelewa. Ila wiki ijayo wakikuuliza, usiwaambie."

Sharubu akaitikia kwa kichwa taratibu, akamalizia chai, wakarudi kila mtu kwenye lori lake.