Hotuba ya Baba wa Bibi Harusi

Zamani fundi wa friji alikuwa na masikio ya ajabu. Aliinama, akausikiliza mngurumo, akautaja ugonjwa wa friji. Kisha akanunua simu janja, na akili zake zote akazikabidhi huko. Friji ikigoma, anauliza simu. Mvua inamlowesha, anauliza simu kama inanyesha. Mtaani wakambandika jina la Mtandao, naye mpumbavu akalifurahia.

Mkewe, mshonaji, angeyavumilia hayo yote. Lakini siku ya posa, mbele ya wakwe, alianza kusimulia jinsi binti yao alivyopiga hatua ya kwanza katika chumba chake cha kushonea. Mume akapekua picha za simuni.

"Acha kutudanganya, mama. Hapa anaanza kutembea sebuleni. Hicho kichwa chako kinavuja!"

Wakwe wakaangua kicheko. Mke naye akacheka, lakini kinyongo akakifunga moyoni, na mwanamke huyu hakuwa wa kusahau.

Hotuba ya harusi iliandikwa na simu. Ukumbini, mume alimpa mkewe simu aishike wakati anafunga kamba za viatu. Mke akaizima, akaitumbukiza mkobani.

"Simu iko wapi? Wananiita!"

"Imekata chaji, baba."

Alimdanganya mchana kweupe, na moyo wake ukasuuzika.

Mume akashika kipaza sauti. "Binti yangu... ni binti mzuri." Akamtazama mkewe amwokoe. Mke akajinyoosha gauni. Bibi harusi alisogea ukingoni mwa kiti, akingoja walau neno moja lililo lake.

"Ana... afya njema," baba akamaliza, akaketi.

Watu wakacheka. Bibi harusi akainamisha uso. Mama aliliona hilo, lakini hakujuta.

Asubuhi yake mume alimfuata mkewe kazini kwake, mikono mitupu, bila simu.

"Nimeisoma tena ile hotuba. Ingemfaa binti wa mtu yeyote. Nikijaribu kumkumbuka alivyokuwa mdogo, zinanijia picha tu. Niambie wewe, mke wangu. Alikuwaje?"

Mke alikumbuka binti alivyolala amekumbatia kiatu cha baba yake, alivyogoma kula mpaka baba arudi kutoka kazini, alivyomkimbilia mlangoni akilia kwa furaha. Yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Sikumbuki," akamjibu, akafurahi kuona machozi yanamlengalenga.